Kwa mnaoanza kuuza nyumba za Eichler: fundi rangi awe wa mwisho kuitwa

Juzi kijana mmoja, dalali mpya, ameniomba namba ya fundi rangi. Amepewa nyumba ya mwaka 1958 iliyojengwa na Joseph Eichler, ambayo haijawahi kuguswa, naye anataka "kuipa mwanga" kabla ya kuiingiza sokoni. Nyumba yenyewe upande wote wa nyuma ni kioo, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Nikamwuliza ni mwanga gani unaokosekana. Akasema ni zile kuta za mahogani.

Kila mwaka tunapata wapya wa namna hii. Wana bidii, wana jicho zuri, nyumba hizi wamezipenda kwa dhati, na wanaanza kwa kuharibu kitu kile kile walichoharibu waliowatangulia. Nyumba nyingi za katikati ya karne ya 20 hapa California haziuliwi na mvua wala mchwa. Zinauliwa katika zile wiki chache kati ya mwenye nyumba kusaini mkataba na dalali na picha ya kwanza kupigwa. Basi naandika yale ninayoyarudia kwenye simu.

1. Mjue mjenzi kabla ya kuandika tangazo. Joseph Eichler hakuwa msanifu majengo. Alikuwa mfanyabiashara aliyewaajiri wasanifu wa kweli, kwanza Anshen na Allen, baadaye Jones na Emmons, kisha Claude Oakland, akajenga nyumba kama 11,000 kwa ajili ya familia za kipato cha kati. Aliwauzia watu bila kuangalia rangi yao, na mwaka 1958 akajitoa kwenye chama cha kitaifa cha wajenzi kwa sababu hakikutaka kuunga mkono msimamo huo. Hilo ni sehemu ya nyumba unayoiuza, lisemeni. Na si kila nyumba yenye paa bapa na nguzo na boriti ni ya Eichler. Ukiwa Palm Springs huenda ni ya kampuni ya Alexander, kwa mkono wa William Krisel. Muuzaji akikuambia "hii ni kazi ya Neutra", yule msanifu maarufu, msikilize kwa heshima, halafu nenda idara ya ujenzi ya mji ukafungue faili la vibali.

2. Mkaguzi awe anayezijua nyumba hizi. Mkaguzi wa kawaida atapanda kutafuta uwazi wa juu ya dari asiuone, kwa sababu haupo. Mbao unazoziona ukiinua macho sebuleni ndizo zinazobeba paa, na kizuizi cha joto, kama kipo, kimewekwa juu yake. Kwa hiyo mwulize kuhusu paa: ni lami na kokoto au limepuliziwa povu, na lini. Amulike ncha za boriti zinazotokeza nje, maana huko ndiko kuoza kunakoanzia.

Kisha sakafu. Joto la nyumba linatoka kwenye mabomba ya maji moto yaliyozikwa ndani ya zege. Mengi ni ya shaba, lakini shaba ilipoadimika wakati wa vita vya Korea ziko nyumba zilizowekewa ya chuma, na chuma hula kutu. Agiza kipimo cha presha. Fundi akikuta panapovuja mahali pamoja na kutangaza kwamba mfumo mzima umekufa, tafuta fundi mwingine. Pavujapo hutafutwa, hukatwa zege kidogo, huzibwa, na maisha yanaendelea. Na tafadhali, msiruhusu mtu yeyote apige msumari wala drili kwenye sakafu hiyo kabla ya kujua mabomba yamepita wapi. Mmeniona nikipaza sauti kwa jambo hili. Nitaendelea.

Vigae vya inchi 9 kwa 9 mara nyingi vina asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu. Vikiwa vizima, vifunikeni, msivibandue. Nyumba ya kabla ya 1978, muuzaji anatakiwa kisheria kueleza anachojua kuhusu rangi yenye madini ya risasi (lead), na mnunuzi apewe siku 10 za kupima akitaka.

Vioo vya zamani navyo. Hapa nitawaudhi wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Kioo kikubwa cha miaka ya 50 karibu na mlango, kisicho cha usalama, kikivunjika hutoka mapande makali kama mapanga. Kama kuna watoto, kibadilisheni. Fremu ibaki, kioo kibadilike.

3. Rangi nyeupe. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, umri umekwenda, yeye na mumewe ndio waliokuwa wanunuzi wa kwanza wa nyumba yao. Ramani ya Claude Oakland, ua wa ndani katikati, taa za duara zilezile, makabati ya jikoni yale ya milango ya kusukuma, na kuta za mahogani ya Ufilipino sebuleni na kwenye korido mpaka chumba cha mwisho. Dalali alikuwa kijana wa ofisini kwetu, mmoja wa wale ninaowapenda, na ndiye aliyeniruhusu nieleze haya. Alifanya alichofundishwa kwenye kozi: nyumba iwe nyeupe ili mnunuzi ajione ndani yake. Akamwandalia yule mama orodha. Kupaka kuta zote. Kuondoa taa za duara. Kung'oa makabati. Kutandika sakafu ya mbao za kijivu za plastiki juu ya vigae. Gharama ikatoka kwenye akiba ya yule mama.

Mama aliuliza swali moja tu, kama kuta zimechafuka. Kijana akamjibu kwa upole kwamba hapana, ila wanunuzi wa siku hizi wanapenda nyeupe. Akakubali. Alikubali kwa sababu mtu wa kazi alimwambia hivyo, na ninyi mkae na hilo kichwani: watu wazima waliozitunza nyumba zao kwa miongo wanatuamini kwa neno moja.

Mimi nilifika fundi akiwa anakunja turubai. Kazi ya rangi yenyewe ilikuwa safi, haina dosari. Sasa sikilizeni kwa nini hairudi nyuma. Zile paneli si mbao nzima, ni tabaka jembamba sana la mahogani lililogandishwa juu ya mbao duni. Mahogani ina vinyweleo vilivyo wazi. Praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ikishaingia humo, dawa ya kubandua itatoa rangi ya juu tu, na michirizi myeupe itabaki kwenye kila mshipa wa mbao. Ukisema upige msasa, utalimaliza tabaka lenyewe kabla hujaimaliza rangi. Kinachobaki ni kung'oa zote na kuweka paneli mpya, ambazo wekundu wake haufanani na ule uliokomaa kwa miaka 50 na zaidi, na bei yake inazidi mbali ile ya mapipa ya rangi.

Siku ya kutazama nyumba walikuja mume na mke waliokuwa wakitafuta mtaa huohuo kwa muda mrefu. Walikuwa na barua ya benki mkononi. Waliingia, wakatembea korido mpaka mwisho, wakarudi kumwuliza kijana kama paneli zipo chini ya rangi au zimetolewa. Alipowaambia zipo chini, yule mwanamke aliangua kilio palepale mlangoni. Hawakuleta ofa. Nyumba ilinunuliwa baadaye, kwa bei ya kawaida ya nyumba ya kawaida, na mtu aliyeanza kwa kuezeka ua wa ndani ili apate chumba kimoja zaidi. Yule mama alilipa kutoka mfukoni mwake ili nyumba yake ipungue thamani, na wale waliokuwa tayari kuitunza aliwafukuza bila kujua.

Yule kijana leo ni dalali hodari kuliko wengi. Bado kila akipata nyumba mpya, anaanzia kwenye kuta, anazifuta vumbi kwa kitambaa laini na kununua balbu zenye nguvu zaidi. Mara nyingi hiyo inatosha. Giza mnalolilalamikia huwa ni mapazia mazito na mti usiopunguzwa matawi.

4. Taa za kuzamisha darini: hapana. Kila tundu mnalotoboa linapenya kuelekea paa.

5. Usimwambie mteja kwamba nyumba "inalindwa" kabla ya kujua inalindwa na nani. Wapya wengi wanadhani nyumba ikiingia kwenye Rejesta ya Kitaifa ya Maeneo ya Kihistoria, basi imeokoka. Mitaa ya Eichler ya Green Gables na Greenmeadow, Palo Alto, iliingizwa mwaka 2005, na ni heshima kubwa, lakini sheria ya shirikisho haimzuii mwenye mali kubomoa kwa fedha zake mwenyewe. Nguvu ya kuzuia iko kwenye sheria za mji. Richard Neutra alijenga nyumba ya Maslon kule Rancho Mirage mwaka 1962, moja ya kazi zake nzuri kabisa. Mwaka 2002 iliuzwa kwa dola milioni 2.45, na mwezi mmoja hivi baadaye ilikuwa kifusi. Kibali cha kubomoa kilitolewa na mji.

Kwa hiyo mteja anayependa nyumba yake mpelekeni kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni mkataba wa Mills Act, sheria ya California ya 1972: mwenye nyumba ya kihistoria anaahidi kuitunza, mji unampunguzia kodi ya mali, mkataba ni wa miaka 10 unaojiongeza kila mwaka, na unamfuata mnunuzi. Si kila mji unaoutoa, ulizeni. Cha pili ni kuikabidhi taasisi ya uhifadhi haki ya kuzuia mabadiliko, ikaandikwa kwenye hati milele. Hicho kinaweza kupunguza idadi ya wanunuzi, na mwelezeni hivyo waziwazi. Wapo wanaochagua hivyo hata kwa hasara, nami huwaheshimu sana.

6. Mthamini mpelekeeni mauzo ya nyumba za aina hiyo ambazo hazijaharibiwa. Asipoyapata, atalinganisha na nyumba yoyote ya vyumba vinne iliyo karibu.

7. Wanunuzi, kaeni mwaka mzima kabla ya kubadilisha kitu. Mtaona jua la Desemba linaingia hadi wapi na paa linazuia wapi jua la Juni, na nusu ya mipango yenu itajifuta yenyewe. Mkianza kurekebisha, anzeni na picha za zamani. Nyumba ya Kaufmann ya Palm Springs, ya 1946, ilirudishwa miaka ya 1990 kwa kufuata picha za Julius Shulman, mpiga picha wa majengo, na mawe ya kuongezea yalitafutwa kwenye machimbo yaleyale ya Utah yaliyotoa mawe ya kwanza. Ninyi hamna bajeti hiyo, lakini jirani yenu ana albamu ya mwaka 1961. Nendeni mkabishe hodi.

8. Chochote kinachotolewa kisitupwe. Taa, vitasa, kipande cha paneli, mlango wa kabati, vyote vifungwe, viandikwe vilitoka chumba gani, na viwekwe stoo ya banda la gari. Siku ya kuuza, viorodhesheni ndani ya mkataba kama sehemu ya nyumba, maana visipoandikwa muuzaji ana haki ya kuondoka navyo.