Kwa nini vitufe vyetu vinapasuka katika maji ya chumvi?

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi katika skuli moja ya Jambiani. Wanafunzi wangu walidondosha mchanganyiko wa maji na unga wa aljineti, ambao ni kigandishi, kwa bomba la sindano, ndani ya maji yenye kloridi ya kalsiamu, wakapata vitufe vizuri mno. Tulipovitia katika maji ya chumvi ya jikoni na kuyabadilisha mara kadhaa, vilivimba vikapasuka. Tumekosea wapi? Na je, aljineti inatoka katika mwani wanaoulima mama zetu?

JIBU: Mwalimu, hamkukosea. Molekuli za aljineti ni nyuzi ndefu zenye chaji hasi, na kila ayoni (chembe yenye chaji) ya kalsiamu, kwa chaji zake mbili chanya, huzifunga nyuzi mbili pamoja. Ndiyo maana tone likigusa tu maji yale hufanya ngozi, kisha hukaza kuelekea ndani. Sodiamu ya chumvi ina chaji moja. Ikizidi, huiondoa kalsiamu bila ya kufunga chochote, wavu wa nyuzi ukalegea na maji yakajaa.

Kwa sababu damu nayo ina sodiamu nyingi, wataalamu wanaotengeneza vitufe vya kubebea dawa, vidogo kuliko milimita 1, huongeza polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya kiwandani, kama ile ya akrilamaidi. Wengine huibadili kwanza aljineti kwa kuipachika vikundi vya atomi viitwavyo methakrilati, ili mwanga wa urujuanimno uifunge na polima hiyo kwa vifungo ambavyo chumvi haivifungui. Akrilamaidi, tafadhali sana, isiingie darasani: kabla ya kuungana ni sumu ya neva.

Badala yake jaribuni alkoholi ya polivinili, polima nyingine ya kiwandani. Iyeyusheni katika maji ya nyuzijoto 90 hivi, ipoe, changanyeni na aljineti, dondosheni kama mlivyozoea, kisha vitufe vilale katika friza na kuyeyushwa barafu asubuhi, mara tatu au zaidi. Barafu huzisukuma nyuzi za polima zikabanana na kushikana, hata kalsiamu ikiondoka wavu huo wa pili unabaki.

Ama mwani wa mama zetu, huo ni wa jamii ya mwani mwekundu, hata ukionekana kijani shambani, nao hutoa karajinani, kigandishi kingine. Aljineti hutoka katika mwani wa kahawia. Karajinani ya spinosum, mmoja wa mwani huo, hugandishwa kwa kalsiamu ikawa laini yenye kunepa, na ya cottonii, mwani mwingine, hugandishwa kwa potasiamu ikawa ngumu, rahisi kuvunjika.