Sanduku la Wasomaji: Nyama za paja, goti na hesabu za viporo

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: fulani anarudi lini, na bila yeye tutafika wapi? Tumechagua zile zinazogusa mabishano ambayo mashabiki hushindwa kuyamaliza.

Walisema wiki mbili

*Swali: Winga wetu aliumia nyama za paja. Klabu ikatangaza ni jeraha dogo, wiki mbili tu. Sasa ni wiki ya tano na hata benchi hayupo. Beki aliyeumia naye mechi ile ile, tena akatolewa kwa machela, amesharudi. Je, tunafichwa?*

Si lazima iwe mnafichwa. Wiki mbili huwa ni makadirio ya mambo yakienda vizuri, na mara nyingi hutolewa kabla picha ya MRI, kipimo kinachoonyesha ndani ya msuli, haijasomwa vizuri. Siku ya kwanza paja limevimba, damu imetapakaa ndani ya msuli, na daktari hawezi kuapa kwa kugusa tu.

Kitu cha kwanza cha kuuliza ni namna alivyoumia. Kuna anayeumia akiwa kwenye mbio za kasi: anashika paja ghafla, anaanguka, anatolewa kwa machela. Huyo kwa kawaida ameumia msuli wa upande wa nje wa nyuma ya paja. Inatisha kuona, lakini kama nyuzi zilizochanika ni chache, wiki mbili hadi nne zinamtosha. Kuna mwingine anayeumia akiwa amenyoosha mguu mbali kuuwahi mpira au kuzuia krosi. Huyu anatoka akichechemea kidogo, anawapungia mashabiki, kila mtu anapumua. Jeraha la namna hii mara nyingi huwa juu, karibu na kalio, mahali msuli unapokutana na kano, na ndilo linalochelewa. Kama winga wenu aliumia akijinyoosha na beki akiwa mbioni, hakuna ajabu yoyote kwamba beki katangulia kurudi.

Cha pili ni kama kano imeguswa. Kano ni ile kamba ngumu inayoufunga msuli kwenye mfupa, na nyuma ya paja huwa inaingia ndani kabisa ya msuli. Nyama hupona haraka kwa sababu inapata damu nyingi. Kano hupona polepole. Wachezaji wawili wanaweza kuandikiwa wote "daraja la pili", yaani msuli umechanika kiasi, mmoja akarudi baada ya wiki tatu na mwingine baada ya wiki nane au zaidi. Ikikatika kabisa kwenye mfupa, ni upasuaji, na hapo hesabuni miezi.

Wenye haraka wakumbuke Mohamed Salah. Aliumia Januari 18, 2024, Misri ilipocheza na Ghana kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Taarifa ya kwanza ilisema atakosa mechi mbili. Baadaye wakala wake akasema jeraha ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa, siku 21 hadi 28. Februari 17 akarudi na klabu yake ya wakati huo, Liverpool, dhidi ya Brentford akitokea benchi, akafunga bao, kisha akakosekana tena, ikiwemo fainali ya Kombe la Ligi Februari 25. Kufunga bao si ushahidi kwamba msuli umepona.

Majeraha ya nyama za paja yanayojirudia hutokea zaidi ndani ya miezi miwili ya kwanza baada ya kurudi. Sababu inajulikana: maumivu huisha kabla nguvu haijarudi. Mchezaji anatembea, anakimbia taratibu, anapiga danadana, na hasikii chochote. Hatari iko kwenye kasi ya juu kabisa, pale mguu unaponyooka mbele na msuli wa nyuma unalazimika kuufunga breki kabla unyayo haujagusa chini. Kwa hiyo mkitazama video za mazoezi, msihangaike na picha yake akicheka na mpira. Tafuteni mambo matatu: anakimbia kwa kasi yote na kurudia mara nyingi, anafanya mazoezi na wenzake wote, si pembeni na mtaalamu wa viungo, na amefanya hivyo siku kadhaa mfululizo. Kila siku ya mazoezi kamili anayoongeza kabla ya mechi inapunguza uwezekano wa kuumia tena.

Msomaji mwingine ameuliza kwa nini siku hizi ni nyama za paja tu. Hajakosea. Katika utafiti wa UEFA unaofuatilia klabu kubwa za Ulaya, majeraha hayo yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02. Kufikia 2021/22 yalikuwa asilimia 24. Mchezo umekuwa wa kasi zaidi na mechi zimebanana. Kinga iliyothibitishwa ipo na haina gharama: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anashusha kiwiliwili mbele polepole, huku msuli wa nyuma ya paja ukizuia asianguke haraka. Timu zinazolifanya zoezi hili mfululizo hupunguza majeraha hayo kwa takriban nusu. Linashindikana kwa sababu wachezaji wanaamka na maumivu siku ya pili, kisha kocha analiondoa kwenye ratiba. Lipangwe mbali na siku ya mechi, lianze kwa marudio machache, maumivu yatapungua ndani ya wiki chache.

Kwa nini asichomwe sindano acheze?

*Swali: Ni mechi ya kufa au kupona. Si wampige nahodha sindano ya ganzi, apumzike baadaye?*

Inategemea mahali. Kidole cha mguu au mbavu, daktari anaweza kukubali, kwa sababu hata akijigonga madhara yana mpaka. Msuli uliochanika, goti na kifundo cha mguu, hapana. Ganzi haiongezi nguvu, inanyamazisha tu onyo, na mpasuko wa sentimita mbili unakuwa wa sita. Sindano za kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, nazo si njia ya mkato: tangu Januari 1, 2022 kanuni za kupambana na dawa haramu michezoni zinakataza kuchomwa dawa za aina hiyo kipindi cha mashindano, bila kujali ni sehemu gani ya mwili, isipokuwa kwa kibali maalumu cha matibabu. Nahodha akikutwa nayo, mtamkosa kwa muda mrefu zaidi.

Goti la Septemba, matumaini ya Aprili

*Swali: Kiungo mkabaji wetu alichanika ligamenti ya goti, ile kamba inayofunga mfupa na mfupa, mwishoni mwa Septemba, akafanyiwa upasuaji Oktoba. Kuna mtu kaandika kwamba Aprili atakuwa uwanjani kutusaidia mechi za mwisho. Tumtegemee?*

Msimtegemee. Hesabu huanza siku ya upasuaji, si siku ya kuumia. Oktoba hadi Aprili ni miezi sita. Ligamenti ya mbele ya goti ikikatika, daktari hachukui uzi akaishona. Anachukua kipande cha kano kutoka mbele ya goti au kwenye paja na kukipitisha kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye mifupa. Kipande hicho kinalegea kwanza kabla ya kuimarika. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 kiko dhaifu sana, na ndicho kipindi ambacho mchezaji anajisikia vizuri na kuanza kuwauliza madaktari kwa nini wanamchelewesha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji anasubiri, mpaka mwezi wa tisa, uwezekano wa kuumia goti tena unapungua kwa takriban nusu. Ndiyo maana miezi tisa imekuwa kipimo cha chini kwa madaktari wengi. Muda peke yake hautoshi: paja la mguu uliopasuliwa lifikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mguu mzima, na kuruka kwa mguu mmoja kulingane pande zote mbili. Wapo wanaofika mwezi wa tisa wakiwa na asilimia 75. Hao bado ni wagonjwa, hata kama kalenda inasema vingine.

Rodri, kiungo mkabaji wa Manchester City, aliumia goti Septemba 22, 2024 dhidi ya Arsenal, akaingia tena uwanjani Mei 20, 2025, tena dakika za mwisho. Ana kila kifaa na kila mtaalamu. Kama yeye hakucheza Aprili, wenu mpangieni msimu ujao, na hata huo msimhukumu kwa mechi kumi za mwanzo.

Jambo moja la kuangalia kwenye taarifa: "goti" si jeraha moja. Ligamenti ya upande wa ndani hupona bila kupasuliwa, wiki mbili hadi nane. Meniskasi, ile gegedu inayokaa kati ya mifupa, ikikatwa kipande mchezaji anaweza kurudi baada ya wiki sita hivi; ikishonwa ni miezi minne hadi sita. Mashabiki hufurahia habari ya kukatwa kwa sababu ni ya haraka, lakini kushona, inapowezekana, kunamhifadhia goti lake akiwa na miaka 35.

Aligongwa kichwa, akatolewa

*Swali: Beki wetu wa kati aligongana vichwa na mshambuliaji, akasimama, akasema yuko sawa. Kocha akamtoa, tukafungwa dakika za mwisho. Haikuwa uoga?*

Ulikuwa uamuzi sahihi. Mtu aliyetikiswa ubongo husema yuko sawa. Ubongo unaotoa jibu ndio ulioumia. Akiyumba, akikodoa macho, akiuliza matokeo ni ngapi, siku hiyo mpira umekwisha kwake. Kurudi ni hatua sita, na kila hatua haipungui saa 24. Beki akikosa mechi ya wiki inayofuata pia, mtu asikosoe.

Ulizeni kama ligi yenu imekubali badiliko la ziada la jeraha la kichwa. Tangu msimu wa 2024/25 limo kwenye Sheria za Mchezo, na kila shindano lina hiari ya kulitumia. Likitumika halihesabiwi kwenye mabadiliko ya kawaida, na timu pinzani nayo inapata la ziada.

Viporo viwili na majeruhi watatu

*Swali: Tumecheza mechi 25, tuna pointi 50. Vinara wamecheza 27, wana 57. Ligi ni ya mechi 38. Wenzangu wanasema tukishinda viporo, zile mechi mbili ambazo wenzetu wamecheza na sisi bado, tunabaki nyuma kwa pointi moja, ubingwa ni wetu. Tuna majeruhi watatu, mmoja beki wa kati. Mnasemaje?*

Kosa la wenzako ni kuhesabu viporo kama pointi sita mkononi. Mnapata wastani wa pointi 2 kwa mechi, kwa hiyo viporo viwili ni pointi 4. Pengo halisi ni 3, si 1. Vinara wana wastani wa 2.11, wakiendelea hivyo watamaliza na 80. Nyinyi mkiendelea hivi mtafika 76. Ili mfike 81 mnahitaji pointi 31 katika mechi 13: kushinda 9 na sare 4, au kushinda 10, sare 1 na kufungwa 2. Inawezekana, lakini lazima mcheze vizuri kuliko mlivyocheza mpaka sasa, na mkiwa pungufu.

Viporo vina gharama nyingine. Vitapachikwa katikati ya wiki, Jumamosi, Jumanne, Ijumaa. Misuli inahitaji takriban saa 72 kurudi katika hali yake, na mechi mbili kwa wiki mfululizo huongeza majeruhi waziwazi. Kocha atumie mabadiliko yote matano, na mapema, si dakika ya 88.

Kuhusu beki wa kati, tazameni Liverpool ya 2020/21. Beki wao wa kati Virgil van Dijk aliumia goti Oktoba 17, 2020, mwenzake Joe Gomez akafuata Novemba. Wakamtoa Fabinho kwenye kiungo, wakamweka nyuma. Baadaye hata Jordan Henderson akarudishwa nyuma. Wakawa wamebomoa kiungo ili kuziba ulinzi, na walipoteza mechi sita mfululizo za ligi nyumbani Anfield. Fabinho aliporejeshwa kiungo na mabeki halisi wasio na majina makubwa kuachiwa ulinzi, mechi kumi za mwisho walishinda nane na kutoka sare mbili, wakamaliza wa tatu kwa pointi 69. Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha wenu si nani beki bora aliyebaki. Ni wachezaji wangapi atawahamisha kutoka nafasi zao ili kumziba mmoja. Akimhamisha mmoja, sawa. Wakiwa watatu, hiyo hesabu ya 31 iacheni.

Mbona anaingizwa dakika ya 75?

*Swali: Mshambuliaji wetu amepona, daktari kamruhusu. Kocha anampa dakika 15 tu.*

Kuruhusiwa kucheza ni tofauti na kuweza kucheza dakika 90. Aliyekaa nje wiki nane hujengewa dakika: 15 hadi 20 mechi ya kwanza, 30 ya pili, kisha anaanza na kutoka karibu na dakika ya 60. Mwili unachoka dakika ishirini za mwisho, na hapo ndipo msuli ulioumia hutonesheka. Mkimwona anatolewa dakika ya 60 wakati timu inaongoza na yeye yuko moto, msimzomee kocha; badiliko hilo lilipangwa na daktari tangu katikati ya wiki.