Barua ya darasa la tano kwa kina mama wa dagaa

Kwa miaka mingi nilifundisha barua ya maombi kuanzia juu kwenda chini: anwani mbili, tarehe, "Ndugu", YAH kwa herufi kubwa, kisha mwili wa barua. Watoto walilishika umbo haraka. Nikikusanya madaftari, barua zote zinafanana: "tunaomba sana utusaidie kwani tuna shida sana." Hakukuwa na hata moja ya kumfanya mtu abadili uamuzi.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya uwanja. Shule yetu iko Ilemela, Mwanza, karibu na Ziwa Victoria, na jirani pana mchanga ambapo watoto hucheza mpira jioni. Kina mama wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, wakaanza kuanika dagaa hapo hapo. Watoto wakaja kunilalamikia. Nikawaambia uwanja siutoi mimi, mwandikieni mwenyekiti wa kina mama.

Mwalimu mwenzangu, anzia hapo. Mpe mtoto mtu anayefikika kwa miguu, mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana. Ukimwambia amwandikie waziri, atanakili maneno ya ubaoni tu, maana hamjui na hategemei jibu.

Rasimu za kwanza zilikuwa kali: uwanja ni wetu, tuna haki ya kucheza, waondoke. Sikuzisahihisha. Niligawa ubao mara mbili, kushoto nikaandika "Tunataka nini?" na kulia "Atakataa kwa nini?" Kushoto kulijaa. Kulia hakukuwa na kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza mama yeyote. Basi nikawapa siku tatu wakaulize. Ukibanwa na ratiba, punguza kwingine, hizi siku usiziguse.

Walirudi na mengi. Dagaa wenye mchanga hawapati bei, na watoto wakikimbia karibu mchanga unaruka. Mvua ya ghafla ikiwakuta dagaa chini, kazi ya usiku mzima imeharibika. Kisha msichana mmoja, ambaye mama yake ni mwanikaji, akasema jambo nililokuwa sijalifikiria kabisa: dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Siku hizo mchanga uko wazi.

Darasa zima lilinyamaza, halafu kila mtu akataka kuandika upya.

Barua mpya iliomba uwanja wote siku za mbalamwezi, na upande mmoja tu siku za giza. Nao wakaahidi kutopita penye dagaa, na mvua ikija wakiwa uwanjani, wangekimbia kusaidia kukusanya. Mvulana mmoja aliandika: "Tunajua dagaa ndio wanaotununulia madaftari." Tangu siku ile nafundisha sentensi ya "Tunajua kwamba" kabla ya "Tunaomba". Anayeombwa akiona hofu yake imetajwa, anaendelea kusoma.

Neno "sana" nalikata kwa kalamu nyekundu, na kila lilipokatwa mtoto anaweka sababu. Tahajia naiacha hadi nakala safi, pamoja na zile l na r zinazotusumbua wengi huku. Umbo la barua nalo tulilirudia mwishoni, dakika ishirini zikatosha, kwa kuwa sasa walitaka jibu na walijua anwani ni ya nini.

Mwalimu mkuu aliisoma kwanza, kisha watoto watatu wakaipeleka kwa mikono yao na kuomba jibu la maandishi. Liombeni hilo bila aibu. Mwenyekiti alijibu kwenye karatasi ya daftari, na niliisoma mbele ya darasa neno kwa neno. Alikubali siku za mbalamwezi. Upande wa siku za giza alikataa, akaeleza kuwa ndiko jua linakopiga mchana kutwa bila kuzuiwa na miti.

Waliguna. Kisha mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama barua ya pili nayo inahitaji anwani zote mbili.