Wiki za kusubiri kisu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mgonjwa wa saratani aliyepangiwa upasuaji apewe mazoezi, mpango wa lishe na ushauri nasaha kabla ya siku yenyewe, au huko ni kumtwisha mzigo mtu aliyekwisha kuelemewa. Mimi nimefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na maandalizi hayo nimeyapitia. Jibu langu ni kwamba apewe, na apewe pamoja na mtu wa kumfuatilia. Kama hakuna mtu, kuna karatasi tu ya maelekezo, afadhali isitolewe.

Ukishaambiwa una saratani, kila mtu ana shughuli isipokuwa wewe. Madaktari wanasoma picha, maabara wanapima, ndugu wanapiga simu kuulizia tarehe. Wewe unakaa, na ukikaa unauwaza uvimbe tu, umekua kiasi gani tangu jana. Siku mtaalamu wa tiba ya viungo aliponiwekea kiti akaniambia nisimame na kuketi bila kujishikiza, nirudie mpaka mapaja yaanze kutetemeka, ndipo nilipojisikia nina kazi kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke. Wagonjwa wenzangu nao, ukiwauliza yale mazoezi yaliwapa nini, hawaanzi na misuli. Wanasema walipata usingizi, walipata sababu ya kuamka.

Mpango wenyewe haukuwa wa kutisha. Kutembea mpaka uheme, ila uwe bado unaweza kuongea. Mazoezi ya nguvu ya miguu na mikono. Protini katika kila mlo, maana mwili unaoponya kidonda usipoipata kwenye chakula unakula misuli yako. Anayevuta sigara anasaidiwa kuacha. Mara nyingi yote haya hufanywa ndani ya wiki 4 hivi, kwa kuwa uvimbe hauachwi usubiri. Wanaoanza na tibakemikali wana muda mrefu zaidi, ingawa wanaupata wakati mwili umechoka kupindukia.

Kwangu mimi, kilichofaa kuliko vyote ni kufundishwa kukohoa. Tumbo likishapasuliwa, kikohozi kinauma kiasi kwamba mtu anavuta pumzi fupifupi, makohozi yanatuama mapafuni, na nimonia inapata njia. Nilifundishwa kabla sijaguswa na kisu: kaa wima, vuta pumzi polepole mpaka mbavu zitanuke, izuie kidogo, bana mto pale mshono utakapokuwa, kisha kohoa kwa nguvu. Kesho yake ya upasuaji, dawa za maumivu zikiwa zimenilegeza, nisingeweza kujifunza jambo jipya hata lingekuwa dogo vipi. Muuguzi alinipa mto, nikaendelea. Utafiti uliofanyika Australia na New Zealand, ukachapishwa 2018, ulionyesha kwamba kikao kimoja cha nusu saa cha mafunzo ya kupumua kabla ya upasuaji mkubwa wa sehemu ya juu ya tumbo kilipunguza matatizo ya mapafu kwa nusu. Nusu saa! Sioni kwa nini mgonjwa yeyote aingie chumba cha upasuaji bila kuipata.

Sasa huo mzigo mnaouuliza upo, tena ni mzito. Unaitwa lawama. Mtu akiambiwa maandalizi yatapunguza hatari, siku akishindwa kuinuka kitandani anajiona amejihukumu mwenyewe. Katika kikundi chetu alikuwepo mama mmoja ambaye tibakemikali ilimwachia ganzi kwenye nyayo, kutembea akawa hawezi. Akaacha kuja, na aliponieleza baadaye alisema aliona aibu. Aliyemrudisha ni yule mtaalamu, aliyempigia simu, akamsikiliza, kisha akambadilishia mazoezi yote yakawa ya kuketi. Karatasi isingemuuliza nyayo zake zikoje.

Ndiyo maana ninaomba takwimu zisomwe kwa haki. Utafiti wa nchi kadhaa uliotoka 2023, wenye wagonjwa 251 wa saratani kama yangu, ulikuta waliopata maandalizi kamili yenye usimamizi walipata matatizo makubwa kwa asilimia 17 hivi, wakati wale wa matibabu ya kawaida ilikuwa karibu 30. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini utafiti wa Kanada wa 2020, uliowachukua wazee wenye miili dhaifu, haukuona kwamba kuanza kabla ya upasuaji kunapunguza matatizo kuliko kuanza baada yake. Kwa hiyo aliyejiandaa vizuri anaweza kupata tatizo, na hilo si kosa lake. Aambiwe hivyo waziwazi tangu siku ya kwanza, na aliyemtungia mpango.

Jambo jingine, waiteni na ndugu. Wangu waliona ni ukatili mgonjwa kuhimizwa apande ngazi. Kila nikivaa viatu naambiwa pumzika. Walikuwa wananipenda, na hakuna aliyekuwa amewaeleza chochote. Alipokuja mmoja kwenye kikao akasikia kwa masikio yake, ubishi uliisha na akawa ananisindikiza.

Nina dukuduku moja. Kabla ya upasuaji nilikuwa napigiwa simu mara kwa mara, naulizwa nimekula nini, nimelala vipi. Baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, simu zikakoma, na nikawa nakisia mwenyewe ni lini nianze tena kunyanyua kitu na ni uzito gani. Wenye kupanga huduma hizi, ongezeni walau simu ya wiki ya pili baada ya mgonjwa kutoka wodini, na ipigwe na mtu yuleyule aliyemwandaa.