SP na foliki kwa mjamzito: soma kwanza namba iliyoandikwa kwenye paketi

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Unasema shemeji ana mimba ya wiki 22, kliniki wamemmezesha vidonge vitatu vya SP (sulfadoksini na pirimethamini, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria), na muuguzi akamwambia asimamishe foliki kwa wiki mbili. Kisha ndugu yenu, naye mhudumu wa afya, akasema foliki haiachwi hata siku moja. Kabla hujamlaumu yeyote, mwambie shemeji achukue paketi asome: ni miligramu 0.4 (mikrogramu 400 ni kitu kilekile) au ni miligramu 5? Huenda hao wawili walikuwa wanazungumzia vidonge tofauti.

Mimi nimefanya kazi maabara miaka kadhaa, kazi ya kuotesha vimelea vya malaria na kuvijaribu kwa dawa. Mara ya kwanza kupima sulfadoksini, ambayo ndiyo ile S ya SP, nilichanganyikiwa. Nilipaka slaidi, nikatia rangi ya Giemsa, nikainamia hadubini: vimelea vimestawi, chembe nyekundu za damu zimejaa vimelea vichanga vyenye umbo la pete, kana kwamba sikuweka dawa kabisa. Nikaongeza dozi, hali ileile. Nikaandika kwenye daftari kwamba hivi ni sugu. Msimamizi wangu hakubishana nami. Alileta orodha ya viambato vya yale maji ya kuoteshea akaweka kidole kwenye mistari miwili: asidi ya foliki, miligramu 1 kwa lita, na PABA (malighafi ambayo kimelea hutumia kujitengenezea foleti, yaani vitamini ileile ya foliki), miligramu 1 kwa lita. Nilikuwa navipa vimelea sumu kwa mkono mmoja na dawa ya kuiponya sumu hiyo kwa mkono wa pili. Tulipotumia maji yasiyo na PABA na yenye foleti kidogo sana, vimelea vya chupa ileile vilikoma kukua. Tangu siku ile siwezi kuichukulia foliki kama kidonge tu cha kuongeza damu.

Sababu ni hii. Kimelea hakiwezi kuzaliana bila foleti, kwa kuwa bila hiyo hakitengenezi DNA. Sisi binadamu foleti tunaipata kwenye chakula, hatuwezi kujitengenezea. Kimelea kinaweza: kinachukua PABA na malighafi nyingine na kujipikia chenyewe. Sulfadoksini inafanana na PABA, kwa hiyo inakidanganya kimeng'enya cha hatua hiyo kikaikamata badala ya PABA. Pirimethamini, ile P ya SP, inaziba hatua ya mbele zaidi. Mtu naye ana kimeng'enya cha hatua hiyo ya pili, ila pirimethamini hukishika cha kimelea kwa nguvu zaidi mno kuliko chetu, ndiyo maana dawa inamuua mdudu na kumwacha mgonjwa. Shida ni kwamba kimelea kinajua pia kuokota foleti iliyopo kwenye damu. Ukiimwaga nyingi, unakifungulia njia ya kuikwepa sulfadoksini. (Mwaka 1952 watafiti wa Liverpool waliona panya wanaolishwa maziwa matupu malaria haiwashiki vizuri. Maziwa yana PABA kidogo mno.)

Kwa binadamu, jaribio ninalolitegemea ni la magharibi mwa Kenya, lililochapishwa mwaka 2006. Wajawazito wenye vimelea walitibiwa kwa SP, wengine wakaongezewa foliki ya miligramu 5, wengine 0.4, wengine kidonge kisicho na dawa. Kufika siku ya 14, tiba ilikuwa imeshindwa kwa takriban 27 katika kila 100 waliopewa miligramu 5. Kwa makundi mengine mawili ilikuwa takriban 14. Yaani kidonge kidogo hakikuharibu kitu, kikubwa kiliongeza kushindwa karibu mara mbili.

Kwa hiyo, kama paketi ya shemeji ni 0.4, aendelee kumeza kila siku, SP haidhuriki. Hiyo ndiyo dozi ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wajawazito. Kama ni 5, basi muuguzi hakukosea: dozi hiyo haipaswi kwenda pamoja na SP, na zipo nchi zinazoelekeza isimamishwe wiki mbili. Hofu ya mtoto kupata mgongo wazi naielewa, lakini mfereji wa uti wa mgongo hufunga wiki za mwanzo kabisa, na SP haianzi kabla ya wiki ya 13. Isipokuwa kama daktari alimpa miligramu 5 kwa makusudi, tuseme ana selimundu au anatumia dawa za kifafa. Hapo asiache mwenyewe, arudi kwa aliyemwandikia.

Mchangiaji wa juu anasema SP imeshakufa, usugu umejaa. Kwa kutibu mgonjwa, ni kweli: Malawi iliipokea badala ya klorokwini mwaka 1993, Tanzania mwaka 2001, na zote zilihamia dawa mseto. Ila kumkinga mjamzito kila baada ya mwezi au zaidi, angalau dozi tatu, bado kunapendekezwa Afrika. Na vimelea vikiwa nusu sugu ndipo foliki nyingi inapovisaidia kuishinda SP.

Jambo moja zaidi: kama anameza kotrimoksazoli (septrini) kila siku, asipewe SP kabisa, zote zina salfa. Awaambie kliniki.

Ukishaisoma paketi, andika hapa imeandikwa ngapi.