Jibu: Wenzangu kazini wanaongea kama wanauliza

Habari ndugu. Umesema wenzako huko Manchester wanamaliza kila sentensi kwa kupandisha sauti, nawe unajibu "yes" kumbe hukuulizwa kitu.

Hilo lilinisumbua mwaka mzima jikoni kwenye hoteli moja London. Kwa Kiswahili, "Amekula." na "Amekula?" zinatofautiana kwa sauti tu, kwa hiyo sikio letu likisikia sauti inapanda linangoja swali. Msimamizi wangu alikuwa akisema, "The fish comes at six?" nami mbio ubaoni kumhakikishia saa. Cha kwanza, sikiliza sentensi inavyoanza. Swali lao kwa kawaida hutanguliza "is", "do" au "can", au neno la kuulizia kama "what" au "where". Pasipo hivyo, mara nyingi anakupa habari na kutazama kama mko pamoja. Itikia kwa kichwa, inatosha.

Utasikia pia "like" ikichomekwa kila mahali bila maana; iruke kama unavyoruka "yaani" zetu. Ila "I was like" ni "nikasema", hiyo usiiruke. Inayoniudhi hasa ni "literally", yaani "kihalisi kabisa": mtu yuko hai mbele yako anasema amekufa "literally". Hata hivyo usimsahihishe, kamusi kubwa ya Oxford ina mfano wa matumizi hayo wa mwaka 1769.