Injini inapiga tik tik: maswali yenu ya tapeti za oili

Pajero yangu V6 3.0 nikiwasha asubuhi inapiga tik tik kama dakika mbili hivi halafu inanyamaza. Fundi anasema nibadilishe tapeti zote. Ninunue? (msomaji, Tanga)

Usinunue bado kaka. Ndani ya tapeti ya oili kuna pistoni ndogo, springi na kagololi kanakofungia oili isirudi, oili ikijaa inasukuma pistoni mpaka nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma vavu) na vavu inaisha kabisa, ndo maana injini zenye tapeti hizi huwa kimya na hazipimwi nafasi ya vavu. Gari ikilala, oili kidogo inachuja inatoka, kwahiyo asubuhi sekunde chache za kelele ni kawaida. Dakika mbili sio kawaida ila bado haimaanishi zimekufa, mara nyingi ni uchafu umekwama kwenye kagololi. Anza na stiki ya kupimia oili: oili ikiwa chini pampu inavuta hewa, ikizidi juu ya alama nayo kreki (shafti kuu ya chini) inaipiga mpaka inatoa povu, na tapeti yenye hewa ndani lazima igonge. Halafu badilisha oili na filta, na filta iwe ile yenye raba ndani inayozuia oili isishuke yote kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) ukizima, zile za bei ya kutupa nyingi hazina au raba yake ni ngumu kama plastiki. Tembelea hiyo oili wiki kadhaa ndo uje tuongelee spea.

Nina IST ya injini ya 1NZ inapiga tik tik, fundi kaniandikia "hydraulic lifter" (tapeti za oili) 16. Bei imenishtua. (dada wa Mbagala)

Dada shika hela yako. 1NZ haina tapeti za oili! Ina vikombe vya chuma kitupu juu ya vavu, ni kweli viko 16, ila havina oili ndani wala springi, vinapimwa kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa imepoa: vavu za kuingiza 0.15 mpaka 0.25 mm, za kutolea 0.25 mpaka 0.35 mm. Kikombe kilichotoka nje ya kipimo ndo kinabadilishwa kwa kingine cha unene tofauti, vingine vinabaki. Na kabla hata ya kufungua kava la juu ya vavu mwambie akague gasketi ya manifoldi ya egzosi, ikivuja inatoa mlio huohuo. Fundi asiyejua injini ina tapeti gani mimi nisingemwachia hedi (kichwa cha injini) yangu.

Moja tu ndo inagonga, naweza kubadilisha hiyo moja? Na kuna mtu kaniambia lazima zitolewe upepo. (Mombasa)

Unaweza, ila mimi sipendi. Zote zimekunywa oili moja kwa miaka ileile, ukifunga moja leo utafungua tena kava kwa ajili ya jirani yake, na gasketi ya kava nayo hela. Kama mfuko haujakaa sawa zitoe zote uzioshe kwanza, kila moja uiweke kwenye nafasi yake na namba, maana imeshazoeana na sehemu yake na ukizichanganya vyuma vinaanza kulana upya.

Upepo ni kweli. Kwenye Mitsubishi nyingi tapeti ndogo inakaa kwenye ncha ya roka, ukinyanyua shafti ya roka bila kuzishika kwa tepu zinadondoka moja moja na nyingine inaingia kwenye tundu la oili, hapo siku imeharibika. Chovya tapeti kwenye dizeli safi, ingiza waya mwembamba usukume kagololi taratibu, bonyeza pistoni mara kadhaa mpaka mapovu yaishe. Toa waya, bonyeza kwa kidole: nzuri inakuwa ngumu, mbovu inabonyea kama sponji, hiyo tupa. Bolti za shafti legeza na kaza kidogo kidogo zote kwa zamu, usimalize moja kabla ya nyingine. Ukishafunga subiri nusu saa hivi zijipange, zungusha kreki kwa mkono mizunguko miwili, ikigoma usilazimishe, vavu inaweza kuwa inagusa pistoni ya injini. Kelele kidogo ikibaki baada ya kuwasha, panda taratibu mpaka 3000 rpm ushuke, rudia mara kadhaa.

Nikiweka oili nzito kelele itaisha? (Arusha)

Itapungua, ugonjwa utabaki palepale, na asubuhi ya baridi ya huko kwenu oili nzito inachelewa kufika juu. Weka ya kwenye kitabu cha gari.

Niko Muscat na Tahoe 5.3, inagonga na silinda ya 7 inamisi (haiwaki vizuri). (Muscat)

Hiyo kesi nyingine. 5.3 zenye mfumo wa kuzima silinda nne kusevu mafuta zina lifta (tapeti) maalum kwenye silinda 1, 4, 6 na 7, na zinajulikana kwa kukwama. Hapo kuosha hakusaidii, hedi inashuka, na ukishafika huko angalia kamshafti (shafti inayosukuma lifta) kwa kucha: ukihisi mikwaruzo badilisha na yenyewe, lifta mpya juu ya kamshafti iliyoliwa ni hela ya bure.

Nitajuaje ni tapeti na sio kitu kibaya zaidi? (Morogoro)

Tapeti inalia juu, mlio mwembamba, unafuata mwendo wa injini. Mlio ukiwa mzito, unatoka chini na unazidi ukipanda mlima, hizo ni beringi za konrodi (mkono unaounga pistoni na kreki). Taa ya oili ikiwaka pamoja nao zima hapohapo uite gari la kuvuta.